Harufu ya Sambaza

Nauza sambaza pale Muhanzi tangu ujana wangu.
Harufu yao imeingia kwenye kucha, kwenye nywele,
imelala nasi kitandani miaka sita
na Nshobole hakuwahi kuinung'unikia.
"Ndiyo inayolipa nyumba," alikuwa akisema,
akinipokea mlangoni na beseni la maji moto.

Mwezi wa pili wa mimba harufu ikamkataa.
Nasema vibaya. Mwili wake ndio ulioikataa,
kisha ukakataa bugali, ukakataa chai,
ukakataa maji,
ukakataa mate yake mwenyewe.

Nilioga kwa ndimu. Nilioga kwa majivu.
Nikahamia kwa jirani Cirhuza, nikalala juu ya magunia,
salamu zangu nikimtuma nazo mtoto wake:
kamwambie shangazi, leo nimeuza vizuri.

Mama mkwe alisema mimba inayotapisha ni mimba iliyoshika.
Kanisani wakasema huyo ni wa kiume, ana kiburi.
Nami nikacheka nao.

Wiki ya tano. Ya sita. Ya saba.
Mwili nao una akiba kama duka:
unatoa, unatoa, huingizi kitu,
siku moja mteja anagonga, unafungua kabati,
vumbi.

Asubuhi hiyo alinitazama mlangoni
macho yakitetemeka, yakikimbia kando kando
kama samaki walioguswa ndani ya ndoo.
"Mmekuja wawili," akasema. "Huyu mwingine ni nani?"
Nikatazama nyuma yangu. Kweli nilitazama.

Akasimama, miguu imeachana kama ya mlevi wa kasiksi,
akautafuta ukuta, ukuta ukamkwepa.
Akauliza kama mama yake amerudi shambani.
Mama yake tulimzika Kabare, mwaka ule wa ndoa yetu.

Tulimshusha ngazi za Nyamugo juu ya kiti cha plastiki,
Cirhuza mbele, mimi nyuma, mvua juu yetu sote.

Muuguzi wa zamu alikuwa kijana mwenye huruma.
Nalisema hili asije akalaumiwa: alikuwa na huruma.
Alitundika seromu ya sukari, ndiyo iliyokuwepo,
na nani asiyejua kwamba aliyekauka hivi hupewa sukari?
Sindano ilikuwa imegusa ngozi
Mama Nzigire mkunga alipoingia, mwavuli wake ukichuruzika.
Akasema, "Mwanangu, fuata kidole changu."
Macho hayakuweza.
Akamgeukia kijana, bila kupaza sauti:
"Sukari ingoje."

Baadaye alinieleza kwa lugha ya sokoni.
Kuna vitamini moja ndogo, bei yake kama ya andazi,
na bila hiyo mwili haujui kuila sukari.
Aliyetapika wiki saba amebakiwa na tone.
Mmiminie sukari kwanza, italinyonya tone lile,
na kichwa kitabaki gizani, pengine milele.
"Ni nadra," akasema. "Wengi hutapika, wakapona, wakazaa.
Lakini nadra ikimkuta mtu
haimkuti kidogo."

Wakampa ile vitamini mshipani, mara tatu kwa siku.
Sukari ikafuata nyuma, kama mgeni mwenye adabu.
Siku ya pili macho yakatulia, nikawa mmoja.
Miguu ilichelewa.
Kumbukumbu ilichelewa kuliko miguu.

Mtoto alishikilia, hakuna aliyetuambia kwa nini.
Leo ana meno manne na anauma kila kitu.
Nshobole hupanda ngazi akishika bega langu
na katikati husimama, kana kwamba anasikiliza,
kumbe anangoja ngazi zitulie.

Jana alinusa kiganja changu, akauliza
kama sambaza wamepanda bei.
Halafu akaomba, kama aombavyo kila wiki,
nimsimulie siku zile ambazo hazimo kichwani mwake.
Nikamsimulia: ndimu, kiti, mvua, mwavuli,
huyu mwingine ni nani.
Nilimsimulia yote
isipokuwa pale nilipocheka.